Spika za ndani zinatikisa vikombe, za nje husikii kitu: jinsi ya kusawazisha sauti kwenye karavani

Umekaa nje ya karavani yako, ile nyumba ya magurudumu, chini ya turubai, jioni imetulia, unataka kusikia redio kidogo tu, unaongeza voliumu toka 12 hadi 18 bado inasikika kama mtu anaongea akiwa kajifunika blanketi, unaongeza hadi 25, hapo ndo mlango unafunguliwa na aliyekuwa kalala ndani anatoka anakuuliza kulikoni. Spika za nje hazijafika popote na za ndani tayari zinatikisa vikombe kabatini. Nimekaa na tatizo hili muda mrefu sana kabla sijaamua kulifuatilia waya kwa waya, na nilichokuja kuelewa ni kwamba wengi tunalishika upande usio wake. Tunahangaika kuzipa nguvu spika za nje, kumbe sehemu kubwa ya kazi ni kuzipunguza za ndani. Ukilishika hilo tu, hatua zote huko chini zitakuwa rahisi.

Kwanini iko hivi? Ndani ni chumba kidogo, ukuta uko hapo, dari iko hapo, sauti ikitoka kwenye spika inagonga inarudi, inagonga kabati inarudi tena, kwahiyo hata ukikaa mita 3 inakufikia yote pamoja na besi yake. Nje hamna cha kuirudisha. Ikitoka imetoka, na kila umbali unapozidi mara mbili inashuka kama desibeli 6 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), yaani ukitoka mita 1 ukaenda mita 2 umepoteza 6, ukienda mita 4 umepoteza 12. Na desibeli 12 ukitaka kuzirudisha kwa nguvu ya umeme peke yake unahitaji wati mara 16, ambazo redio ya karavani haina. Ile "wati 50 mara 4" iliyoandikwa usoni ni kilele cha kufumba na kufumbua, sauti safi inayotoka kwenye kila chaneli ni kama wati 15 hadi 20 hivi na hapo umeme uwe umejaa vizuri.

Kwahiyo ukiendelea kukaza voliumu ili nje pasikike, unachopata ni redio inayozidiwa, mawimbi yanakatwa vichwa, sauti inaanza kukwaruza na zile twita, vispika vidogo vya sauti nyembamba, zinaungua. Ngoma ivumayo sana hupasuka, na hapa inapasuka kweli, nimeshafungua spika nikakuta waya wa koili umekuwa mweusi kama mkaa.

Vitu vya kuandaa: simu moja yenye programu ya kupima desibeli (za bure zinatosha kabisa), simu nyingine ya kupigia muziki, betri ndogo ya rimoti ile ya volti 1.5, bisibisi, maltimita, karatasi na kalamu. Na mtu mmoja wa kukusaidia, maana kuingia na kutoka mlangoni mara thelathini kunachosha.

Hatua ya 1: Ijue redio yako

Usiguse waya wowote kabla hujajua redio inagawaje sauti, kwasababu dawa inategemea hapa. Kwa uzoefu wangu kuna aina tatu.

Ya kwanza ni ile yenye zoni, A ni ndani, B ni nje, wakati mwingine kuna C ya chumba cha kulala, na kila zoni ina voliumu yake. Hii ukiwa nayo una bahati, nusu ya mwongozo huu unaweza kuuruka.

Ya pili ina vitufe vya A na B vilevile lakini voliumu ni moja, vitufe vinafungua na kufunga spika tu. Hii ndo inayosumbua watu zaidi, na wengi wanayo bila kujua wakidhani ni kama ya kwanza.

Ya tatu ni redio ya gari ya kawaida. Spika za ndani zimefungwa kwenye matundu ya mbele, za nje kwenye matundu ya nyuma, na unazigawa kwa ile mizani ya mbele na nyuma ambayo kwenye skrini huwa imeandikwa FAD.

Kuijua ya kwanza na ya pili ni hivi: washa A peke yake, weka voliumu 10. Zima A, washa B, peleka hadi 20. Sasa zima B rudi A. Ikirudi kwenye 10 kila zoni ina kumbukumbu yake. Ikikupigia 20 sikioni basi voliumu ni moja, karibu kwenye kundi la pili.

Hatua ya 2: Rudisha kila kitu katikati

Watu wanairuka hatua hii alafu wanashangaa kwanini vipimo haviingiliani. Ingia kwenye menyu, mizani ya mbele na nyuma weka sifuri, ya kushoto na kulia (BAL) weka sifuri, besi na trebo (sauti nyembamba za juu) sifuri, zima ile Loudness na kila kitu kinachojiita kuongeza besi. Simu unayopigia muziki weka sauti yake kama asilimia 80 hadi 90 alafu usiiguse tena mpaka umalize, kwasababu simu ikiwa chini redio inalazimika kukuza kelele pamoja na muziki, na ikiwa juu kabisa baadhi ya simu zinapeleka sauti iliyokwisha kuharibika.

Zima kiyoyozi, zima feni, zima jenereta. Chomeka umeme wa nje au hakikisha betri imejaa. Hili la betri si dogo, amplifaya ikipata volti 12.2 badala ya 14.4 kilele cha nguvu yake kinabaki kama asilimia 70 tu, kwahiyo ukisawazisha betri ikiwa imechoka, kesho ukiwa umechomeka umeme utaona sauti inafika juu zaidi kabla ya kukwaruza.

Hatua ya 3: Hakikisha spika zote zinavuta upande mmoja

Hii ni ya kuzingatia sana. Spika ikifungwa chanya na hasi vimegeuzwa bado inaimba, ndo maana mtu hagundui, ila koni yake, ile sehemu ya mbele inayotikisika, inaingia ndani wakati mwenzake inatoka nje, mawimbi yanauana katikati na besi inapotea. Nje ambako besi tayari ni haba, spika moja ikiwa imegeuzwa basi unabaki na sauti nyembamba kama ya simu, unaongeza voliumu wee na hamna kinachobadilika.

Chomoa nyaya za spika kwenye redio kwanza, zote mbili za spika unayopima. Chukua ile betri ya volti 1.5, gusisha chanya ya betri kwenye waya wa chanya wa spika na hasi kwa hasi, nusu sekunde tu, utasikia "tap". Mwenzako awe ameshika tochi anaangalia koni. Ikiruka kwenda nje iko sawa, ikinywea ndani imegeuzwa, badilisha waya. Fanya kwa kila spika, ndani na nje, na kila uliyoipima wekea alama ya solotepu ili usijichanganye. Kama kwa macho huoni vizuri, gusa koni kwa kidole taratibu sana utaisikia inavyosogea.

Ukiwa hapohapo pima na omu, yaani ukinzani wa spika kwa umeme, kwa maltimita. Spika ya omu 4 itasoma kama 3.2 hadi 3.8, ya omu 8 itasoma kama 6 hadi 7. Andika. Nilikuta za ndani ni omu 4 na za nje ni omu 8, na hilo peke yake ni desibeli 3 zimekwenda, maana kwenye voliti zilezile spika ya omu 8 inachukua nusu ya nguvu ya ile ya omu 4. Aliyefunga alichukua alichokuwa nacho stoo, nadhani.

Hatua ya 4: Pima, usikisie

Sikio linadanganya, haswa ukitoka ndani penye kelele kwenda nje. Kwahiyo tafuta sauti ile ya "shhhh" inayoitwa kelele ya waridi, ziko nyingi za kupakua, inafaa kuliko wimbo kwasababu haipandi wala kushuka. Piga hiyo.

Weka simu ya kupimia ndani, mahali kichwa cha mtu kinapokuwa akiwa amekaa, subiri sekunde 20, andika wastani. Toka nje, weka simu hiyohiyo kwenye kiti mahali unapokaaga kweli, kimo cha sikio la mtu aliyekaa ambacho ni kama mita 1.1 hadi 1.2 toka chini, voliumu ileile, andika. Usiweke simu mezani wala usiielekeze spika kwa mkono ulionyooka huku umesimama, tunapima anachosikia mtu aliyekaa.

Usijali kama programu ya simu haina usahihi wa maabara, tunachotaka ni tofauti kati ya namba mbili, na simu ileile ikikosea itakosea pande zote mbili sawasawa.

Tuseme umepata ndani 74 na nje 63. Tofauti ni 11. Ili uielewe hiyo 11: desibeli 3 ni nguvu mara mbili lakini sikio linaona mabadiliko madogo tu, desibeli 10 ni nguvu mara kumi na sikio linaona kama sauti imekuwa mara mbili. Kwahiyo ndani kwako panasikika zaidi ya mara mbili ya nje, kwa voliumu moja. Ndo maana yule aliyelala alitoka.

Unalenga nini? Mi naona nje kwenye kiti pawe sawa na ndani au pazidi desibeli 2 au 3, kwasababu nje kuna upepo, kuna watu wanaongea, kuna kuni zinalia motoni. Wengine wanapenda ndani pawe chini zaidi kabisa, ni juu yako, ila uwe na namba kichwani kabla hujaanza kuzungusha vitu.

Hatua ya 5: Sawazisha kulingana na redio yako

Redio yenye voliumu ya kila zoni: weka B kwenye kiwango unachokitaka kitini, shusha A mpaka namba zikutane, andika zote mbili. Kama kuna setingi ya voliumu ya kuanzia iwashe, ili kesho ukibonyeza tu isikupigie ile ya jana usiku wa sherehe. Umemaliza, nenda hatua ya 6 kama nje bado ni dhaifu.

Redio ya gari yenye mizani ya mbele na nyuma: peleka mizani kuelekea nyuma, ambako ndo ziko za nje, hatua mbili mbili, kila hatua unapima ndani na nje. Hapa kuna kitu wengi hawakijui, mizani ile haiongezi nyuma hata kidogo, inapunguza mbele tu. Kwahiyo utaona namba ya nje imeganda na ya ndani inashuka, usidhani imeharibika, inafanya kazi yake. Zikikutana, sasa ndo unaongeza voliumu kuu na zote zinapanda pamoja. Sikiliza ukifika kama robo tatu ya voliumu, zile sauti za "s" na "t" za mwimbaji zikianza kuwa kali na za kukwaruza basi hapo ndo mwisho wa redio yako, rudi nyuma hatua mbili tatu na usivuke tena, weka alama.

Redio ya zoni yenye voliumu moja: hapa menyu haitakusaidia, lazima uweke kitu kwenye waya wa spika za ndani cha kuzipunguza. Njia mbili.

Njia nzuri ni kipunguza sauti cha kuzungusha ambacho mafundi wanakiita L-padi, unakifunga ukutani ndani, waya wa toka redio unaingia, wa kwenda spika unatoka. Uzuri wake ni kwamba ukizungusha redio inaendelea kuona omu zilezile kwahiyo haiumii. Chukua cha omu zinazolingana na spika zako, cha omu 8 kwa spika za omu 8, cha omu 4 kwa za omu 4. Na usiweke kile kizungushio cha kawaida cha ndani ya redio ndogo, kinaungua siku hiyohiyo na moshi wake unajaza karavani nzima.

Njia ya pili ni rezista mbili (vipande vya kuzuia umeme) kwa kila spika, haina kitufe cha kuzungusha, inapunguza kiasi kimoja milele, lakini ni rahisi na mi ndo niliyoitumia kwenye spika za chumba cha kulala. Kwa spika ya omu 4 ukitaka kushusha desibeli 6, weka rezista ya omu 2 kwenye njia ya waya wa chanya (mfululizo), alafu baada yake weka rezista ya omu 4 ikiunganisha chanya na hasi pale kwenye spika (sambamba). Piga hesabu uone: spika ya 4 na rezista ya 4 zikiwa sambamba zinakuwa 2, jumlisha na ile 2 ya njiani unapata 4, redio haijui kama umefanya chochote. Kwa spika ya omu 8 ni vilevile ila 4 njiani na 8 sambamba.

Nguvu inakwenda wapi? Redio ikitoa wati 10, ile rezista ya njiani inakula 5, ya sambamba inakula 2.5, spika inabaki na 2.5. Robo, ambayo ndo desibeli 6. Hizo wati 5 zinageuka joto, kwahiyo chukua zile rezista nyeupe za kauri za wati 10 kwa matumizi ya kawaida, au za wati 20 kama mnapenda kupiga kwa nguvu, na uzifunge kwenye kipande cha bati mbali na sponji, pazia na plaiwudi. Usizifungie kwenye mfuko wa nailoni, tafadhali sana.

Sasa la hatari zaidi, na nitalisema polepole. Kwenye redio nyingi za volti 12 waya wa hasi wa spika haujaunganishwa na bodi la gari. Kila spika ina chanya yake na hasi yake na zote mbili zina umeme wa amplifaya. Ukiunganisha hasi ya kushoto na ya kulia, au ukaishikiza hasi kwenye bodi la gari, unaweza kuua redio mara moja. Kuna vipunguza sauti vya stirio ambavyo ndani yake hasi za pande mbili zimeunganishwa tayari, kwahiyo kabla hujafunga pima kwa maltimita kati ya hasi ya kushoto na ya kulia, ikilia "piii" kirudishe. Na usijaribu kuunganisha kushoto na kulia ili upate mono (sauti moja pande zote), wala kuchomeka spika ya pili ya omu 4 sambamba na ya kwanza, zinakuwa omu 2 na redio nyingi zimetengenezwa kwa 4.

Hatua ya 6: Kama nje bado ni dhaifu

Umeshapunguza ndani, namba zimekutana, lakini voliumu ya juu kabisa ya usalama bado nje haitoshi. Anza na kisicho na gharama: sogeza kiti. Kweli kabisa. Ukitoka mita 4 ukakaa mita 2 umepata desibeli 6, ambazo ni sawa na kununua amplifaya yenye nguvu mara nne. Na angalia kilichopo katikati, spika nyingi za nje ziko chini, usawa wa kiuno, afu watu wanaweka meza na viti palepale mbele yake, trebo yote inaishia kwenye mgongo wa kiti.

Pili, angalia mgongo wa spika. Hapa nieleze kilichonitokea maana kilinifungua macho. Nilikuwa nimeshafanya kila kitu, zoni A nimeizima kabisa, lakini ukilala kitandani unasikia "dum dum" kwenye mto. Nikaondoa godoro, nikafungua kabati la chini ya kitanda, nikakuta spika ya nje ya kushoto iko uchi mgongoni, sumaku inaonekana, waya umening'inia, na kabati zima limekuwa kisanduku chake. Yaani koni ikisukuma nje inasukuma na ndani pia, sauti nusu kwa waliokaa nje na nusu kwa aliyelala. Afu besi ya mgongoni inapita kwenye mianya inakutana na ya mbele zinauana.

Nilitengeneza kisanduku cha plaiwudi cha kuifunika mgongo, nikakiziba pembeni kwa silikoni, ndani nikaweka sponji kidogo, tundu la waya nikaliziba nalo. Usikibane mno mpaka kikagusa sumaku, spika inahitaji hewa nyuma. Baada ya hapo nje pakawa na kifua, kitandani pakatulia, na redio sijaigusa. Kwa kazi ya mchana mmoja sijaona kitu kinacholipa zaidi ya hiki.

Tatu, unyevu. Spika ya nje inatakiwa iwe ya kuhimili maji na jua, yenye koni ya plastiki, na mpira wa kuziba ukutani. Ya koni ya karatasi iliyofungwa nje inalowa, inakuwa nzito, sauti inafifia mwezi hadi mwezi na unadhani ni redio. Ukiivua ukakuta koni ina madoa na pembeni imelegea, badilisha tu, na ukinunua angalia ile namba ya usikivu kwenye boksi, mara nyingi ni desibeli 86 hadi 91 kwa wati 1 mita 1. Yenye 90 na yenye 87 tofauti yake ni kama kuzidisha nguvu ya redio mara mbili.

Waya sio mkosaji mkubwa kama watu wanavyosema. Waya wa milimita mraba 1.5 kwa mita 10 za umbali una kama omu 0.23 kwenda na kurudi, kwa spika ya omu 4 hiyo ni nusu desibeli. Ila kiungio kilichooza kwa kutu ni habari nyingine, kivute, kikitoka mkononi umempata.

Hatua ya 7: Besi na trebo

Nje punguza besi. Najua inasikika kinyume, lakini spika ndogo ya inchi 5 au 6 nje haiwezi kutoa besi nzito, inajitikisa bure na kula nguvu ambayo ingeenda kwenye sauti ya mwimbaji. Kama redio ina kichujio cha kukata sauti za chini (HPF) kwa zoni B kiweke hertzi 80 hadi 100. Kama haina, kapasita isiyo na upande wa chanya wala hasi ya mikrofaradi 400 kwenye waya wa chanya wa spika ya omu 4 inakata kuanzia kama hertzi 100 kushuka chini. Utashangaa voliumu unayoweza kufika kabla ya kukwaruza. Trebo ya nje ongeza kidogo, ya ndani acha.

Na jingine: nje mtu mmoja anakaa karibu na spika ya kushoto, mwingine ya kulia, kila mmoja anasikia nusu ya wimbo. Ingia kwenye setingi za simu upande wa ufikivu, washa sauti ya mono. Hapo hugusi waya wowote.

Hatua ya 8: Tivii, simu na redio zisiachane

Ushasawazisha ndani na nje, afu unatoka Bluetooth kwenda redio ya FM na inakurusha kwenye kiti. Kila chanzo kina kimo chake. Redio nyingi zina setingi ya kuoanisha vyanzo, kwenye menyu inaandikwa SLA au kitu kama hicho, chukua FM kama kipimo na vingine vipandishe au vishushe vikutane nayo. Tivii ikiwa inapeleka sauti kwenye redio kwa waya wa HDMI (ARC) angalia na sauti ya tivii yenyewe isiwe imebaki imewashwa, maana ikiwa imewashwa ndani panazidi tena na utaanza kulaumu spika. Kwa tivii iliyotundikwa nje tumia waya, Bluetooth inachelewesha sauti na midomo haiendani na maneno.

Hatua ya 9: Jaribio la usiku

Haya yote uliyafanya mchana. Usiku funga mlango na madirisha, weka voliumu ya kuongea bila kupaza, mwenzako alale kitandani, we kaa nje. Kama anasikia maneno punguza A au rudi kaangalie migongo ya spika. Akisikia mvumo tu bila maneno punguza besi ya B. Alafu inuka utembee kama hatua 20 kuelekea mahali spika zinapotazama, kwa jirani, simama usikilize. Ukiweza kufuata maneno ya wimbo ukiwa pale, na jirani anayafuata.

Namba ukizipata usiziamini kichwa chako. Kata kipande cha solotepu nyeupe, bandika ndani ya mlango wa kabati la redio, andika kwa kalamu isiyofutika, yangu imeandikwa hivi: "Nje tu, B 19. Wote, A 9 B 21. Usiku, B 11 besi -4." Na chini yake kwa herufi kubwa: ZIMA B KABLA YA KUONDOKA. Ukiwa umekaa kwenye usukani spika za nje huzisikii, injini imezifunika, lakini kila unayempita barabarani anazisikia.